Jicho Linalopima Ukungu

Mwezi mpevu wa Oktoba 2024 uliangukia tarehe 17, na kwa usiku kadhaa mwanga wake uliifunika nyotamkia iliyokuwa midomoni mwa watu, Tsuchinshan-ATLAS. Kabla ya hapo picha zake zilikuwa zimezagaa kwenye simu, mkia mrefu juu ya paa, juu ya bahari, juu ya mlima. Kuanzia tarehe 20 hivi mwezi ukawa unachelewa kuchomoza, upande wa magharibi ukapata giza tena mapema jioni, na wengi waliokuwa wakiishangilia wakawa wamekwisha kuhamia mambo mengine. Hapo ndipo kundi dogo la watu, kila mmoja kwao, lilipotoka na darubini za macho mawili, viti na madaftari.

Kazi yao huishia kwenye mstari mmoja. Mstari huo una tarehe, tuseme Oktoba 20.69, maana wapimaji huandika saa kama sehemu ya siku kwa saa za dunia, na hiyo .69 ni saa moja na nusu usiku hapa Afrika Mashariki. Kisha herufi moja inayotaja mbinu iliyotumika, mwangaza uliokadiriwa, chombo na ukuzaji wake, upana wa ukungu wa kichwa, tarakimu moja ya mkusanyiko, na urefu wa mkia pamoja na uelekeo wake. Basi. Hakuna neno la sifa hata moja. Lakini mtu aliyeandika mstari huo vizuri amefanya jambo gumu ambalo mimi nalihesabu miongoni mwa ufundi safi kabisa uliobaki mikononi mwa watu wasiolipwa.

Ugumu unaanzia hapa. Nyota ni nukta. Ukitaka kujua mwangaza wa nyota moja, unailinganisha na nyota nyingine mbili ambazo mwangaza wake unajulikana, moja kali zaidi na moja hafifu zaidi, na jicho lililozoea hukosea kidogo sana. Nyotamkia si nukta. Ni ukungu wenye kiini kinachong'aa, unaofifia taratibu kwenda nje mpaka huwezi kusema umeishia wapi. Mwanga wake wote umetawanywa. Ni sawa na mtu kukupakia samli chapati nzima, kisha akakuonyesha vijiko viwili vilivyojaa samli mezani na kukuuliza alitumia kijiko kipi.

Jibu la wajuzi ni kuipaka na ile ya vijikoni pia, halafu ndipo ulinganishe. Mbinu iliyoenea zaidi inaitwa kwa jina la Mwingereza J. B. Sidgwick, na ndiyo inayoandikwa kwa herufi S. Unaitazama nyotamkia ikiwa safi kwenye fokasi. Hukodolei kiini, unauchukua ukungu wote kwa pamoja na kuuweka kichwani wastani wa weupe wake, pamoja na upana wake. Ukisharidhika, unahamisha darubini hadi kwenye nyota ya kulinganishia na kuzungusha gurudumu la fokasi. Nyota inavimba, inapoteza ukali wake, inakuwa kisahani cheupe. Unasimama pale kisahani kinapolingana kwa upana na ukungu ulioukariri. Sasa unauliza: kipi cheupe zaidi, hiki ninachokiona au kile ninachokikumbuka?

Tuseme nyota ya kwanza ina daraja la 6.2 na kisahani chake kimeishinda nyotamkia kidogo. Nyota ya pili ni ya 6.8 na imeshindwa waziwazi. Unarudi kwenye nyotamkia, unakariri upya, unarudi tena kwenye nyota. Baada ya safari chache unaamua kwamba nyotamkia imekaa theluthi ya njia kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Unaandika 6.4. (Katika kipimo hiki namba ikizidi mwanga unapungua, na kila hatua moja ni tofauti ya mara mbili na nusu hivi. Jicho tupu penye giza zuri hukomea karibu na 6.)

Kinachonishangaza mimi ni mahali kipimo kilipo. Vitu viwili vinavyolinganishwa havionekani kamwe kwa wakati mmoja. Kimoja kiko machoni na kingine kiko kwenye kumbukumbu, na mpimaji mzuri ameizoeza kumbukumbu hiyo ya weupe mpaka ikaaminika kwa sehemu ya kumi au mbili za daraja.

Kuna nyotamkia ambazo mbinu hiyo haizifai. Zile zenye kichwa kidogo kilichokaza hupimwa kwa namna ya Nicholas Bobrovnikoff, ambapo nyotamkia na nyota zote huvurugwa fokasi mpaka zifanane ukubwa. Mmarekani Charles Morris akaweka njia ya katikati: ukungu unavurugwa kidogo tu ili weupe wake usawazike, ndipo unakaririwa. Herufi B au M mwanzoni mwa mstari humwambia msomaji ni ipi iliyotumika. Na nyotamkia ikiwa kali kiasi cha kuonekana kwa macho matupu, darubini inawekwa chini kabisa. Hapo mwenye macho yasiyoona mbali anapata faida ambayo hakuitarajia: anavaa miwani kuitazama nyotamkia, anaivua kuzitazama nyota, nazo zinavimba zenyewe.

Darubini kubwa haisaidii kama mtu anavyodhani. Kadiri chombo kinavyokuwa kikubwa na ukuzaji unavyopanda, ndivyo ukungu wa nje unavyotandazwa na kupotelea kwenye weusi wa anga, na makadirio yanatoka hafifu kuliko ukweli. Kwa hiyo kanuni ni kutumia chombo kidogo kuliko vyote kinachoionyesha nyotamkia bila taabu. Aliye na darubini kubwa ya kioo na kijidarubini cha 10x50 huacha ile kubwa ipumzike. Sijui hobi nyingine nyingi ambazo mwenye kifaa cha bei huambiwa akiweke pembeni.

Upana wa ukungu unapimwa kwa njia ninayoipenda kwa sababu haihitaji kitu zaidi ya saa. Anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Uzi mmoja una dakika 60, kwa hiyo karibu na ikweta ya anga kitu husogea dakika moja ya upana kila baada ya sekunde nne. Unaiacha darubini imetulia na nyotamkia ielekee ukingo wa duara la kuonea. Ukungu unapogusa ukingo unaanza kuhesabu, unapomezwa wote unaacha. Sekunde 40 ni dakika 10 za upana, theluthi ya mwezi mpevu. Nyotamkia ikiwa mbali na ikweta ya anga unazidisha kwa kosaini ya umbali wake kutoka hapo. Dunia yenyewe ndiyo rula.

Kisha ile tarakimu ya mkusanyiko, kutoka 0 hadi 9. Sifuri ni ukungu mtupu usio na katikati, doa ambalo huna hakika nalo. Tisa ni nukta kama nyota. Kati ya hapo hakuna chombo cha kukusaidia. Ni kuona nyingi na kuzikumbuka. Tarakimu hiyo moja imewahi kutoa habari kabla ya vyombo vikubwa kugeuzwa, kwa sababu nyotamkia inayovunjika mara nyingi huanza kulegea katikati: juzi 6, jana 4, leo 2.

Yote hayo hufanyika kwa jicho lililokwisha kuzoea giza, na jicho linataka nusu saa. Simu ikiwaka mara moja, nusu saa inaanza upya. Ndiyo maana taa ya mpimaji ni nyekundu na hafifu. Tena hutazami moja kwa moja. Katikati ya jicho ni pa kusomea na kuona rangi. Chembe zinazonasa mwanga hafifu ziko pembeni, kwa hiyo unalenga macho kando kidogo ya kitu na kukiacha kijitokeze. Wengine hugongagonga mrija wa darubini kwa ukucha, kwa kuwa jicho hushika haraka zaidi kitu hafifu kinachotikisika. Mtu asiyejua akimwona mpimaji hapo, anatazama kando ya kitu anachokitafuta na kugonga darubini yake, atadhani ameharibikiwa.

Kukadiria ni nusu ya ufundi. Nusu nyingine ni kujua anga lenyewe, na historia yake ina watu wa ajabu. Charles Messier wa Paris alichoshwa na madoa ya ukungu yaliyomdanganya kuwa ni nyotamkia, akayaandika yote ili asipotezewe muda tena; orodha yake ya 1781 ilikuwa na madoa 103, na leo wengi humjua kwa orodha hiyo kuliko kwa nyotamkia zake. Lakini Messier alikuwa Paris. Omega Centauri, kundi la nyota linaloonekana hapa kwetu kwa macho matupu kama nyota iliyopakwa ukungu, halimo kwenye orodha yake kwa kuwa kule halichomozi kabisa. Aliyewatengenezea watu wa kusini orodha ya madoa ya namna hiyo ni Jack Bennett wa Pretoria. Tarehe 28 Desemba 1969 alikuta ukungu ambao haumo kwenye orodha yoyote. Machi iliyofuata nyotamkia ya Bennett ilikuwa miongoni mwa zilizong'aa sana katika karne ile. Mwaka mmoja na nusu kabla, katika msako uleule, alikuwa ameona nyota ngeni ndani ya galaksi ya M83: supanova, iliyoonwa kwa jicho.

Leslie Peltier alikuwa kijana wa shamba karibu na Delphos, Ohio. Darubini yake ya kwanza ilimgharimu dola 18, alizozipata kwa kuchuma stroberi kwa senti mbili kila kibaba. Alipata nyotamkia 12, na kwa miaka zaidi ya 60 alipeleka makadirio ya nyota zinazobadilika mwangaza, zaidi ya 132,000. Hiyo namba ya pili ndiyo inayonifanya nimheshimu. Nyotamkia inaweza kuwa bahati. Makadirio hayo yote si bahati.

George Alcock, mwalimu wa shule karibu na Peterborough, Uingereza, alikariri mpangilio wa nyota zipatazo 30,000 jinsi zinavyoonekana kwenye darubini ya macho mawili. Hakuhitaji ramani kujua kwamba kuna kitu kimeongezeka. Mwaka 1959 alipata nyotamkia mbili ndani ya siku tano. Mei 1983, akiwa ndani ya nyumba, akitazama kupitia dirisha lililofungwa, alipata nyingine, ambayo jina lake ni IRAS-Araki-Alcock: setilaiti, Mjapani mmoja, na mwalimu mstaafu nyuma ya kioo. Siku chache baadaye ilipita kilomita milioni 4.7 hivi kutoka duniani, ukaribu ambao haukuwahi kurekodiwa kwa nyotamkia tangu 1770.

Msako wa namna hiyo umekwisha, au karibu. Mitambo inayopiga picha anga zima kila usiku hukuta nyotamkia zikiwa hafifu kupita uwezo wa jicho lolote. ATLAS, iliyotoa nusu ya jina la ile ya 2024, ina darubini zake Hawaii, Chile na Sutherland, Afrika Kusini. Novemba 2018 Don Machholz wa Marekani aliona kwa jicho nyotamkia ambayo hakuna mtambo uliokuwa umeitangaza, na tukio hilo lilipokelewa kama habari ya zama zilizopita. Wapo wanaosikitika. Mimi sisikitiki sana, kwa sababu mtambo umechukua sehemu ya bahati na kuacha sehemu ya ufundi.

Maana kukadiria bado kunahitajika. Kamera hupima vizuri katikati ya kichwa, lakini ukungu mpana wa nje hupotea kwa urahisi katika hesabu. Jicho huuchukua wote kwa pamoja, na hupenda rangi ya kijani-samawati inayotolewa na molekuli za kaboni za atomu mbili katika gesi hiyo. Zaidi ya hayo, jicho ndilo pekee lililokuwepo zamani. Aliyeikadiria nyotamkia ya Halley mwaka 1910 na atakayeikadiria 2061 wanatumia kifaa kimoja. Makadirio yakipangwa kwa miezi huonyesha jinsi nyotamkia inavyoamka. Jiwe tupu lingeongezeka mwanga kwa kipeo cha pili kadiri linavyolikaribia Jua. Nyotamkia, kwa kuwa barafu yake inageuka gesi na kurusha vumbi, mara nyingi huongezeka kwa kipeo cha nne hivi, na kila moja ina tabia yake. Na ipo ya kushangaza kuliko zote: Oktoba 2007 nyotamkia ya Holmes, iliyokuwa daraja la 17, ilipanda hadi karibu 3 kwa muda usiofika siku mbili, ongezeko la karibu mara nusu milioni. Edwin Holmes mwenyewe, mpenzi wa nyota wa London, aliiona mara ya kwanza Novemba 1892 katika mlipuko unaofanana na huo.

Sisi tuliokaa karibu na ikweta tuna nafasi ambayo wa Ulaya wangeilipia. Nyotamkia hung'aa zaidi zikiwa jirani na Jua, yaani huonekana kwenye utusitusi wa magharibi au wa alfajiri. Hapa Jua huzama wima, giza kamili huingia kwa saa moja na robo hivi, na njia ya sayari husimama juu ya upeo wa macho badala ya kulala kando yake. London katikati ya kiangazi giza kamili haliji kabisa. Tunaona pia kaskazini na kusini kwa pamoja. Nyotamkia ya anga la kusini ikilipuka jioni yetu, Ulaya haiioni, Amerika bado ni mchana, na kule Australia nyotamkia imekwisha kutua. Kinachotupa tabu ni mvua: Aprili 2024 nyotamkia ya Pons-Brooks ilikuwa jioni upande wa magharibi, si mbali na Mshtarii, wakati masika ya mafuriko yamelifunika eneo kubwa la Kenya na Tanzania. Nyotamkia hiyo aliigundua mwaka 1812 Jean-Louis Pons, aliyeingia kwenye kituo cha anga cha Marseille kama bawabu na kuishia na nyotamkia 37, rekodi ambayo hakuna jicho lililowahi kuifikia.

Kuna adabu chache ambazo hazina mjadala. Usitumie nyota nyekundu kulinganishia, wala nyota inayojulikana kubadilika. Nyotamkia ikiwa chini karibu na upeo wa macho, tafuta nyota zilizo chini vilevile, kwa sababu hewa nene hula mwanga wa vyote. Na kubwa kuliko zote, usisome utabiri wa usiku huo wala makadirio ya wenzako kabla hujaandika yako. Jicho ni rahisi kudanganywa na mwenye jicho. Ukiambiwa 5.5 utaona 5.5, na hapo umekuwa mwandishi wa maoni ya watu. Wapimaji wazoefu hutofautiana kwa nusu daraja, hata daraja zima nyotamkia ikiwa imetandaa sana, na hawaoni haya. Tofauti hiyo ikiandikwa kwa uaminifu ina thamani kuliko makubaliano ya kuigana.

Adabu ya mwisho ndiyo inayonifanya niwavulie kofia. Usiku mtu ametoka, amekaa nusu saa gizani, amefika mahali penyewe kati ya nyota, amegonga mrija, ametazama pembeni, na hakuna kitu. Hafungi daftari na kwenda kulala. Anatafuta nyota hafifu kuliko zote anayoweza kuiona mahali pale, anaandika daraja lake, na kuandika kwamba nyotamkia ni hafifu kuliko hapo. Mstari huo wa kutoona umewahi kuwa ushahidi wa kwanza kwamba kichwa kimesambaratika. Unaingia kwenye kumbukumbu kwa heshima ileile, iwe kitengo cha nyotamkia cha Chama cha Astronomia cha Uingereza, kilichopo tangu 1891, au kanzidata ya COBS inayoendeshwa Slovenia, ambayo hupokea makadirio ya yeyote aliyejisajili.

Nyotamkia ya Encke huzunguka Jua kila baada ya miaka 3.3. Caroline Herschel aliiona mwaka 1795, Pons akaiona 1818, na itafika tena karibu na Jua Februari 2027. Anayetaka kujaribu asiisubiri. Atafute 10x50, kiti cha kuegemea na taa nyekundu, ajizoeze kwenye Omega Centauri na makundi mengine ya nyota, ajifunze kuvimbisha nyota na kukariri weupe. Siku ya nyotamkia ikifika, andika ulichokiona wewe, kabla hujamuuliza mtu. Usipoiona, andika hivyo, na uandike nyota yako ya mwisho ilikuwa ya daraja gani.